MREJESHO: Chicago na New York ndani ya wiki tatu, nimezimaliza zote

Wakuu, habari zenu. Mwezi wa nane niliwauliza kama mkimbiaji wa kawaida kama mimi anaweza kukimbia marathoni ya Chicago Oktoba 13, kisha New York Novemba 3, 2024, bila kuumia. Wengi mlisema Chicago niikimbie kwa kujizuia. Nashukuru nilisikia.

Chicago ni tambarare, na mtego uko hapo hapo: miguu inataka kufyatuka. Nilijibana, nikamaliza kwa saa 4 na dakika 21. Wiki iliyofuata sikukimbia kabisa, nilitembea tu jioni na kulala mapema. Ya pili, kilomita 5 mara tatu, mdogo mdogo. Aliyeniambia kwamba katika wiki tatu huongezi nguvu, unauguza miguu tu, Mungu ambariki.

New York ndiyo iliyonipima. Unaanza kwa kupanda daraja la Verrazzano, na karibu na kilomita ya 25 unakutana na Queensboro. Mle darajani hamna watazamaji. Kuna giza kidogo, unasikia viatu vikigonga chini na watu wakihema. Paja la kushoto likakaza. Nikatembea hatua kama mia, nikanywa maji, nikaendelea. Kushuka tu, First Avenue yote ni shangwe, machozi yakanitoka.

Central Park nilifika kwa saa 4 na dakika 38. Kucha mbili zimekuwa nyeusi, ila goti lililonitia wasiwasi ni zima kabisa. Dada uliyesisitiza mazoezi ya kushuka ngazi, asante sana.