Majirani wa Shela, Malindi: waraka wa Nguzo kabla ya kusi

Mwalimu: Assalamu alaikum majirani. Naomba jioni hii tuzungumze jambo moja tu, nalo ni Nguzo ya Vasco da Gama, ile nguzo yenye msalaba ya baharia Mreno. Jana alasiri, bamvua, yaani maji makuu, lilipokuwa limejaa, nilisimama pale kwenye rasi nikayatazama mawimbi yakiingia chini ya mwamba na kutoka na vipande vya tumbawe. Nguzo yenyewe imesimama wima, na ile saruji ambayo Kapteni Malcolm wa manowari ya Kiingereza HMS Briton aliizungushia mwaka 1873 bado inaikumbatia, lakini saruji hiyo imekaa juu ya mwamba uleule unaoliwa. Napendekeza tuandike waraka, tukusanye sahihi, na tuuwasilishe kabla kusi haijaanza kuvuma kwa nguvu.

Kijana wa Kuongoza Wageni: Waalaikumu salaam, Mwalimu. Nashuhudia uliyoyasema. Siku hizi wageni ninaowapeleka pale nawaomba wasisogelee ukingo.

Mama wa Kona: Waalaikumu salaam. Mwalimu, kwa heshima zote, niruhusu niseme lililo moyoni mwangu. Lile ni jiwe la Mreno. Tumesimuliwa kwamba lilipowekwa mjini karibu na nyumba ya sultani watu hawakuridhika na msalaba wake, na ndiyo maana likaja kusimamishwa mbali kule kwenye rasi. Kama bahari inakula pwani, mbona tusiandike waraka kwa ajili ya wavuvi na nyumba za watu, badala ya kumwombea mtu aliyekuja, akapata alichokitaka, akaenda zake?

Mwalimu: Swali hilo lijibiwe kabla ya kuandika neno lolote, kwa sababu wengine pia watatuuliza. Nahodha, tafadhali.

Nahodha: Mama wa Kona, umesema haki, na mimi sitamtetea Mreno. Nitakueleza ninavyoijua Nguzo mimi. Kabla ya simu hizi zenye ramani, mtu aliyekuwa akirudi kutoka kuvua alitafuta alama za nchi kavu ili ajue mlango wa kupita kwenye mwamba uko wapi, kwa kuwa anayeukosa huvunja chombo. Nguzo ni alama mojawapo. Baba yangu aliniambia niitazame kabla hajaniambia ni ya nani. Kuhusu Mreno mwenyewe, alipofika hapa Aprili 1498 hakuijua njia ya kwenda Calicut kule India, na rubani aliyemvusha alimpatia hapa Malindi. Msalaba ule wa juu ni wa jiwe la chokaa la Lisbon, lakini mwili unaoubeba ni tumbawe la pwani hii. Kwa hiyo ninapoitazama naona elimu ya mabaharia wetu, na sioni kwa nini nimwachie yeye peke yake.

Mama wa Kona: Hayo sikuwahi kuelezwa hivyo, Nahodha. Ningependa yaandikwe.

Mhandisi (Nairobi): Shikamoo Ami Nahodha, na salamu kwenu nyote. Nimekuwa nikisoma jinsi watu wa nchi nyingine walivyoiokoa minara yao ya taa, kwa sababu tatizo lao linafanana na letu. Mnara wa Cape Hatteras nchini Marekani ulipowashwa mwaka 1870 ulikuwa karibu mita 450 kutoka majini, na kufikia mwaka 1970 zilikuwa zimebaki mita zisizofika 40. Mwaka 1988 wanasayansi walishauri uhamishwe, lakini wenyeji wengi walipinga, wakitaka ufuo ukingwe na mnara ubaki mahali pake, na mabishano yakaendelea hadi mwaka 1999 uliposukumwa polepole juu ya reli, tofali zake zote zikiwa pamoja, takriban mita 880 kuelekea bara. Mwaka 2015 wakazi wa Martha's Vineyard, kisiwa cha hukohuko Marekani, walichangisha zaidi ya dola milioni 3 wakausogeza mnara wa Gay Head takriban mita 40 kutoka kwenye jabali lililokuwa likiporomoka, na Denimaki wakausogeza wa Rubjerg Knude mita 70 mwaka 2019. Uingereza mambo yalikwenda vingine: mnara wa Orfordness, uliojengwa mwaka 1792, ulizimwa mwaka 2013, na bahari ilipoufikia ukabomolewa mwaka 2020. Minara iliyohamishwa ilihamishwa kukiwa bado na ardhi ya kuwekea reli. Hilo ndilo linalonitia hofu kuhusu rasi yetu.

Kijana wa Kuongoza Wageni: Je, Nguzo nayo inaweza kuhamishwa?

Nahodha: Ilishahama mara moja. Ikihama tena kwenda uani kwa mtu, itakuwa jiwe zuri la kupigia picha, wala haitakuwa alama ya chombo chochote.

Mhandisi (Nairobi): Nakubaliana na Ami, na zaidi ya hayo, mawe yaliyofungwa ndani ya saruji ya zamani ni hatari kuyafungua. Ningeomba kwanza mwamba upimwe kila msimu, mapango ya chini yajazwe, kisha wataalamu waamue kinga ipi inafaa.

Mama wa Kona: Ukuta ukijengwa, wimbi litakwenda wapi? Mimi nina ndugu wenye madau pembeni pale, na sitatia sahihi yangu kwenye kitu kitakachowahamishia balaa.

Mhandisi (Nairobi): Hofu yako ina msingi, Mama. Ukuta ulio wima hulirudisha wimbi na nguvu zake, likachimba mchanga ulio mbele ya ukuta na kwenye ncha zake mbili. Tena tusidanganywe na ghuba ya kaskazini, ambako tope na mchanga wa Mto Sabaki vimeusogeza ufuo mbele, kwa maana mwamba uliokwisha kuliwa haurudishwi na mchanga. Sheria ya mazingira ya mwaka 1999 inataka tathmini ya athari ifanywe kabla ya ujenzi wa namna hii, na waraka wetu useme wazi kwamba wavuvi wasikilizwe katika tathmini hiyo.

Mwalimu: Basi nitaandika hivi. Waraka utakwenda kwa Makumbusho ya Taifa ya Kenya, na mwingine kwa Bunge la Kaunti ya Kilifi, kwa kuwa Kifungu cha 37 cha Katiba kinatupa haki ya kuwasilisha maombi kwa mamlaka za umma. Tutaomba mwamba upimwe, ukingwe, na madau yasidhuriwe. Mama wa Kona, nakuomba wewe uniandikie sentensi ya kwanza.

Mama wa Kona: Nimeiandika: "Sisi wakazi wa Shela tunaiombea hifadhi alama ambayo mabaharia wetu waliitazama waliporudi nyumbani." Jina la Mreno lije baadaye, katika maelezo.

Mwalimu: Inabaki kama ilivyo. Karatasi za sahihi zitakuwa dukani kwako kuanzia kesho baada ya alasiri. Kila mmoja aje na kitambulisho chake.

Nahodha: Bamvua halijavunjika bado, na bamvua likipwa hupwa sana. Kesho saa nne asubuhi chini ya mwamba patakuwa wazi. Kijana, njoo na kamera yako, nitakupeleka kwa mashua upige picha kutoka upande wa baharini, kwa maana mashimo makubwa hayaonekani ukiwa juu.