Tupeane uzoefu: kujaza asidi na kuandaa betri mpya ya gari la zamani, hasa sisi wa Nyanda za Juu Kusini

404 ya Uyole ameandika:

Wakuu, salaam.

Nina Peugeot 404 aliyoniachia marehemu baba, na bado inatembea. Hili ni gari lenye heshima yake: Bert Shankland na Chris Rothwell wa hapahapa Tanzania walishinda nalo Safari Rally mwaka 1966, wakarudia 1967. Kwa hiyo silifanyii mambo ya kubahatisha.

Betri yake imefika mwisho. Mwanjelwa nimepata duka linalouza betri tupu, asidi unapewa kando kwenye chombo chake. Mimi napenda betri ya namna hii. Betri iliyojazwa asidi ikakaa kwenye rafu miezi mingi bila kuchajiwa huwa imeanza kufa kabla hujaitoa dukani. Ile tupu, ilimradi haijafunguliwa na unyevu haujaingia, bamba zake zimeshachajiwa kiwandani na zinasubiri asidi tu.

Kinachonisumbua ni utaratibu wa vijiweni: mimina, funga, piga stata, lipa, nenda. Kwa imani yangu, siku ya kwanza ndiyo inayoamua betri itakaa miaka mingapi, na hapohapo ndipo macho ya mtu yanapokuwa hatarini kuliko siku nyingine yoyote. Naweka ninavyofanya mimi, kisha kila mmoja aseme yaliyomkuta au aliyoyaona.

Kazi naifanyia nje, kivulini, mbali na jiko na watoto. Kabla sijafungua chochote, maji mengi safi yako karibu, na pembeni kuna ndoo ya magadi yaliyokorogwa kwenye maji kwa ajili ya asidi itakayomwagika sakafuni. Navaa miwani ya kinga inayoziba hadi pembeni, glovu za mpira, buti za mpira na nguo kuukuu. Asidi inakula pamba kimyakimya. Leo huoni kitu, ukishafua unakuta matundu.

Betri naijazia chini, si ndani ya gari. Faneli iwe ya plastiki, kamwe si ya bati. Najaza chumba kimoja baada ya kingine mpaka bamba zifunikwe na asidi ifike kwenye alama, wala sijazi hadi mdomoni. Halafu naiacha nusu saa. Bamba na vitenganishi vinakunywa asidi, usawa unashuka, naongeza asidi ileile kidogo kurudisha usawa. Baada ya hapo asidi haiingii tena humo maisha yote ya betri. Kinachopungua siku za mbele ni maji, basi kinachoongezwa ni maji ya betri yaliyokenekwa, si ya bomba wala ya kisima.

Kisha chaji ya kwanza, polepole. Betri yangu ni ya ampea-saa 60, kwa hiyo chaja naiweka kati ya ampea 3 na 6, haizidi hapo. Nasimamisha pale haidromita, kile kipimo cha uzito wa asidi, inaposoma namba ileile katika vipimo vitatu vya saa moja moja, vyumba vyote sita vikiwa karibu sawa. Betri ikipata joto la kukaribia nyuzi 50, nazima na kuiacha ipoe. Ikishapumzika masaa kadhaa, mita inapaswa kusoma volti 12.6 au 12.7.

Karibuni.

Fundi Umeme Ipogolo ameandika:

Mkuu umeeleza vizuri. Naongezea la gesi, maana hapo ndipo watu wanapochukulia poa.

Betri ikikaribia kujaa, maji yaliyomo yanaanza kuvunjika kuwa haidrojeni na oksijeni. Kwenye betri ya volti 12 inaanza kuchemka sana ukivuka kama volti 14.4. Haidrojeni ikifika asilimia 4 tu ya hewa inaweza kulipuka, na cheche moja inatosha. Hapa Iringa nilishuhudia kijana wa gereji ya jirani akichomoa kibanio cha chaja wakati chaja bado inawaka. Cheche ikaruka juu ya vizibo, mfuniko wa betri ukapasuka vipande, asidi ikarukia ukutani. Alikuwa amegeuza uso upande kumjibu mteja. Isingekuwa hivyo, leo tungekuwa tunasimulia habari nyingine.

Zima chaja kwanza, ndipo uchomoe. Na wakati wa kuunganisha, funga vibanio kwanza, ndipo uwashe. Sigara, kiberiti, kuchomelea, vyote mbali. Wapo wanaowasha kiberiti usiku kuangalia usawa wa asidi. Tumia tochi.

Na jingine ambalo wengi hawalijui. Betri tupu nyingi zinakuja na vizibo vya safari visivyo na tundu, au utepe, au kijiplastiki chembamba kwenye mdomo wa kila chumba. Hivyo vinatolewa na kutupwa, unaweka vizibo vyenye matundu ya kupumulia. Ukirudisha vile vya safari, gesi haina pa kutokea. Tazama kila kizibo kwenye mwanga uone tundu liko wazi.

Dada wa Makambako ameandika:

Habari zenu. Mimi si fundi, ila Land Rover ya familia ndiyo inayotubebea mbao, na mimi ndiye ninayeihudumia.

Betri ya mwisho niliagiza Dar. Betri tupu ilikuja na basi kama mzigo wa kawaida, haikuwa na tatizo. Ila aliyeninunulia alitaka kupakia na dumu la asidi kwenye basi hilohilo. Konda alipouliza ndani kuna nini na kuambiwa, alilishusha palepale. Ndugu yangu alikasirika, mimi nikamshukuru yule konda hata kabla sijamwona. Fikirieni dumu linavuja katikati ya mizigo ya abiria pale kwenye kona za Kitonga.

Asidi nikainunua Mbeya. Muuzaji alikuwa na madumu yanayofanana, moja la asidi na lingine la maji ya betri, na kote watu wanaomba "maji ya betri" tu. Nikamwomba apime kwa haidromita mbele yangu. Moja likasoma 1.25, lingine 1.00. Asingepima ningeweza kuondoka na maji, nikayamimina kwenye betri mpya, na bamba ndiyo basi tena. Karatasi iliyokuja na betri inaeleza asidi iwe na uzito gani, fuateni hiyo. Kwa nchi za joto viwanda vingi hupendekeza nyepesi kidogo kuliko ile 1.28 ya nchi za baridi, kwa sababu asidi kali na joto vinakula bamba mapema.

Akikuuzia asidi ambayo haijachanganywa, ile nzito ya kiwandani, mrudishie. Kazi ya kuzimua si ya nyumbani.

Muuguzi Njombe ameandika:

Nimesoma nikaona nisipite bila kusema.

Asidi ikiingia jichoni, dakika ya kwanza ndiyo yenye thamani kuliko hospitali yoyote. Maji safi, mengi, yanayotiririka, papo hapo, kope zimeshikwa wazi, kwa dakika 20 au zaidi. Msiende hospitali kwanza. Oshaneni kwanza, kisha nendeni, na njiani endeleeni kumwagia maji kama mnayo. Mtu atafumba jicho kwa maumivu. Mshikeni, mlifungue, mwagieni.

Magadi ni ya sakafu na ya boksi la betri. Hayaingii jichoni hata kidogo, na maziwa hayaingii. Nimepokea wagonjwa waliowekewa vitu vya kila aina na watu waliotaka kuwasaidia, huku ndoo ya maji ikiwa mita mbili pembeni. Inauma sana kuona jicho linapotea hivyo.

Kwenye ngozi ni vilevile: vua nguo iliyolowa, mwaga maji mengi. Akimeza, asilazimishwe kutapika. Asukutue mdomo, apelekwe haraka. Na jamani, asidi isihifadhiwe kwenye chupa ya soda au ya maji ya kunywa. Kuna watoto nyumbani.

Dereva Mstaafu Tukuyu ameandika:

Vijana, nimefurahi kuona magari ya zamani bado yana wenyewe.

Mimi nimeendesha Land Rover miaka mingi barabara ya Tukuyu na Kyela, enzi za udongo. Nataka kusema juu ya ethi, yaani ule upande wa betri unaofungwa kwenye bodi ya gari. Land Rover nyingi za kabla ya 1967 zilitoka kiwandani chanya ikiwa ndiyo iliyofungwa kwenye chesisi, kinyume na magari ya leo. Kijana wa siku hizi anafungua betri ya zamani, anaweka mpya jinsi alivyozoea, hasi kwenye bodi, na dakika hiyohiyo anaua kitu. Na mwaka wa gari peke yake usiuamini, kwa kuwa mengi yameshageuzwa na mafundi njiani. Kabla hujalegeza nati hata moja, fuata waya mnene unaokwenda kwenye chesisi uone unatoka kichwa kipi. Andika kwa chaki kwenye boksi. Kichwa cha chanya ni kinene kidogo kuliko cha hasi, hilo nalo litakusaidia.

Waya wa ethi ndio wa kwanza kufunguliwa na wa mwisho kufungwa, uwe hasi au chanya. Hapo hata spana ikigusa bodi ukiwa unafungua kichwa kingine, hakuna shoti.

Na kwetu Tukuyu mvua hainyeshi kwa ratiba. Wengi wanachajia betri chumbani kwa kukimbia mvua. Chajia barazani penye bati juu, kuta wazi. Chumba kilichofungwa kinakusanya ile gesi aliyoisema fundi.

Kobe wa Mafinga ameandika:

Shikamoo mzee wetu wa Tukuyu.

Mimi nina Volkswagen kobe. Wenye kobe mnajua betri iko chini ya kiti cha nyuma. Springi za kiti zikichoka, abiria mzito akikaa, chuma kinagusa vichwa vya betri na kiti kinashika moto. Hadithi hiyo nilishaisikia, ila niliiamini nilipoona alama nyeusi ya kuungua chini ya kiti cha kobe nililokwenda kukagua kabla ya kulinunua. Betri mpya ikiwa ndefu kidogo kuliko ya zamani, hatari inaongezeka. Pima kimo kabla ya kununua, weka kifuniko cha kuhami juu ya vichwa, na kifunge kile kibanio cha chini ili betri isitembee.

Pia makobe ya zamani ni volti 6, betri ya vyumba vitatu. Chaja ya volti 12 usiiguse hapo.

Kijana wa Mbalizi ameuliza:

Wakuu, kwani nikijaza asidi, nikasubiri hiyo nusu saa, nikaiwasha gari bila chaji ya kwanza, kuna ubaya gani? Si itachajiwa na gari lenyewe barabarani?

Fundi Umeme Ipogolo amejibu:

Itawaka, mdogo wangu. Betri tupu nzima ina nguvu ya kutosha kupiga stata baada ya nusu saa, na kama uko porini fanya hivyo. Ila kaa ukijua imeanza kazi ikiwa haijajaa. Baada ya kujaza, pima tena: kama joto limepanda zaidi ya nyuzi 5 au 6, au uzito wa asidi umeshuka wazi, bamba zilikuwa zimeshapata unyevu na hiyo lazima ichajiwe.

Gari la alteneta, mtambo wa kuchaji wa magari ya siku hizi, litajitahidi kuimalizia. La dainamo, mtambo wa zamani, kama hiyo 404, halitaweza. Dainamo ikizunguka taratibu haitoi kitu, na foleni ya Mafiati ukiwa na taa na wipa ndiyo kwanza inakula betri. Betri inabaki nusu wiki baada ya wiki, salfeti inaganda kwenye bamba, kisha unasema betri ilikuwa feki.

404 ya Uyole amejibu:

Asanteni sana. Muuguzi, maelezo yako nimeyaandika kwa kalamu nene nikayabandika ukutani pale ninapofanyia kazi.

Nimalizie na la baridi, maana linatuhusu sisi. Haidromita nyingi zimetengenezwa kusoma sawasawa asidi ikiwa nyuzi 25 au karibu na hapo. Asubuhi ya Julai huku Uyole asidi inaweza kuwa nyuzi 10. Asidi ya baridi ni nzito zaidi, kwa hiyo namba inapanda bila betri kuwa na chaji zaidi. Toa 0.007 kwa kila nyuzi 10 zilizopungua. Ukisoma 1.28 asubuhi hiyo, ukweli ni kama 1.27. Mimi huiingiza betri na asidi ndani usiku wa kuamkia kazi, mbali na moto, ili vyote viwe na joto la kawaida la chumba, kisha najaza mchana.

Dada wa Makambako, hiyo asidi ya 1.25 uliyoipata, baada ya chaji ya kwanza vyumba vyote vilisoma ngapi? Na ile betri ya zamani uliirudisha dukani wakakupunguzia bei, au waliikataa? Yangu bado ipo, nimeisimamisha kwenye beseni la plastiki, na sitaki kumwaga asidi yake shambani.

Dada wa Makambako amejibu:

Vitano vilisoma 1.25, kimoja 1.24, kikalingana na wenzake baada ya saa mbili za nyongeza kwenye chaja. Ya zamani waliichukua ikiwa na asidi yake ndani, wakaipima kwa kilo kwa ajili ya risasi, wakanipunguzia bei ya mpya. Usiimwage. Funga vizibo, ipeleke ikiwa imesimama wima, na uliza bei ya kilo kabla hujaishusha kwenye gari.