Kiti mwendo cha umeme kinakata mlimani na kwenye mteremko: je, ni kweli kontrola imeungua?

Mpwa wa Mikindani (Mtwara) anauliza:

Ndugu wanajukwaa, habari za wakati huu. Naomba ushauri kuhusu kiti mwendo cha umeme anachotumia mjomba wangu hapa Mikindani. Ni kiti kilichokwisha kutumika, alichokipata kama msaada kutoka nje ya nchi, na kwenye kisanduku cha joistiki (kijiti cha kuendeshea) kimeandikwa VR2 pamoja na jina la PG Drives Technology. Mjomba ni fundi cherehani. Nyumbani kwake ni juu, upande wa kilima cha Boma, na kibanda chake cha kazi kiko chini karibu na bahari, kwa hiyo asubuhi hushuka na jioni hupanda.

Tatizo lina sura mbili. Akiwa anapanda, kiti kinalegea, taa za chaji zinashuka hadi inabaki moja nyekundu inayopepesa, halafu kinasimama. Akikizima na kukiwasha, kinakwenda tena kipande kifupi. Akiwa anashuka, hasa akipita kwenye mashimo na mawe, taa zote kumi zinapepesa kwa pamoja na kiti kinajifunga ghafla katikati ya njia. Ndani ya nyumba na kwenye tambarare hakina shida yoyote.

Tulikipeleka mjini kwa fundi wa redio na televisheni. Alipima betri akapata jumla ya volti 25.6, akasema betri ni nzima, na kwa kuwa taa zote zinapepesa basi kontrola (kifaa cha elektroniki kinachoongoza mota) imeungua na inabidi tuagize nyingine. Bei aliyotutajia ni kubwa kuliko mapato ya mjomba ya msimu mzima wa korosho, ambao ndio wakati watu wanaposhonesha nguo kwa wingi. Kabla familia haijaanza kuchangishana, naomba kujua kama kuna namna ya kuthibitisha kwamba ni kontrola kweli.

Fundi Nyaya (Masasi) anajibu:

Ndugu Mpwa, msichangishane kwanza. Kwenye VR2 idadi ya taa zinazopepesa haraka ndiyo ujumbe wenyewe, na taa kumi hazimaanishi kwamba kila kitu kimekufa. Zinamaanisha kwamba kontrola imepokea volti zilizozidi kiwango, jambo ambalo kwa kawaida husababishwa na muunganiko mbovu wa betri. Taa moja maana yake betri imeishiwa chaji au, hapo tena, muunganiko wake ni mbovu. Mbili na tatu ni za mota ya kushoto, nne na tano ni za mota ya kulia, ingawa pande hizo zinaweza kubadilishana kulingana na jinsi kiti kilivyopangwa; sita ni kwamba kuna kitu kinachokizuia kiti kisiende, mara nyingi chaja iliyochomekwa; saba ni joistiki, nane ndiyo kontrola, na tisa ni breki. Katika maelezo yako yote sijaona nane. Kontrola iliyoungua isingekuwa na akili ya kuchagua taa moja wakati wa kupanda na kumi wakati wa kushuka.

Hizo volti 25.6 ni za kweli, ila zilipimwa kiti kikiwa kimesimama, wakati hakuna umeme wa maana unaopita kwenye nyaya. Waya uliooza ndani huonyesha volti kamili maadamu haubebi mzigo. Kiti kikipanda mlima, mota mbili zinaweza kuvuta ampea 30 kwa pamoja, na hapo mahali penye ukinzani wa omu 0.1 tu panameza volti 3. Kontrola inazikosa volti hizo na kudhani betri zimekwisha. Wakati wa kushuka mambo yanageuka: magurudumu ndiyo yanayozungusha mota, mota zinakuwa jenereta, na umeme unarudishwa kwenye betri. Kiti kikigonga jiwe na mguso mbovu ukaachia hata kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho, umeme ule hauna pa kwenda, volti zinaruka juu, na kontrola inajikata ili isiungue. Kwa maneno mengine, hizo sura mbili nazihesabu kuwa ugonjwa mmoja.

Njia ya kuthibitisha ni hii. Chini ya kiti kuna betri mbili za volti 12 zilizounganishwa mfululizo, na kati yake upo waya mfupi unaotoka chanya ya moja kwenda hasi ya nyingine. Anzeni na waya huo. Mita ikiwa kwenye volti za DC (umeme wa betri), ncha moja iguse madini yenyewe ya risasi ya kichwa cha betri ya kwanza, si bolti wala kile kichwa cha shaba cha waya, na ncha ya pili iguse risasi ya betri nyingine vivyo hivyo, ili kila kilichopo katikati kipimwe kwa mkupuo mmoja. Zifungeni ncha hizo kwa tepu zisicheze, mita iwekwe mapajani, kisha kiti kipande mwinuko. Mkisoma chini ya volti 0.2 waya huo ni mzima na mtahamia kwenye fyuzi, kisha plagi kubwa inayoingia kwenye kontrola. Mkipita volti 1 mmempata mchawi. Vueni pete na saa kabla ya kuingiza mkono humo, maana hata betri iliyochoka inaweza kutoa mamia ya ampea spana ikiangukia vichwa vyake viwili.

Mtumiaji wa Mtanda (Lindi) anajibu:

Mimi si fundi, ni mtumiaji wa kiti cha aina hiyohiyo hapa Lindi, na nakubaliana na Fundi Nyaya kuhusu ugonjwa, lakini kipimo chake kinahitaji tahadhari ambayo hakuitaja. Breki za viti hivi hubanwa na springi na kuachiwa na umeme. Kontrola ikijikata, zinabana papo hapo. Kwenye tambarare ni mshtuko tu, ila kwenye mteremko mtu anaweza kurushwa mbele mpaka chini, na sisi ambao miguu haishiki hatuna cha kujizuia nacho. Kwa hiyo naomba mjomba asishuke kilima hicho kwa kiti hicho hadi kitengenezwe, na kwenye kipimo akae kijana mwenye uzito unaokaribia wake, akiwa amefunga mkanda. Wala asije mtu mwenye huruma akafungua ile klachi ya kusukumia kwa mkono kiti kikiwa mlimani, kwa sababu ikishafunguliwa hakuna breki tena na kiti kinaondoka na aliyekikalia.

La pili, kiangalieni kibandiko cha chaja. Viti vinavyotoka Marekani huweza kuja na chaja ya volti 120, na umeme wetu ni 230. Nyingine zina swichi ndogo nyekundu ya kuchagua, ambayo mtoto anaweza kuichezea. Angalieni pia tundu la kuchajia lililoko kwenye joistiki. Lina pini tatu, mbili za betri na ya tatu ya kukizuia kiti kisiondoke kikiwa kwenye chaja. Sisi wa pwani tunajua upepo wa bahari unavyokula chuma, na tundu hilo likiingia unyevu wa chumvi linaweza kukidanganya kiti kwamba chaja imechomekwa. Langu huwa nalifunika kwa kifuniko cha mpira kila ninapomaliza kuchaji.

Kijana wa Nachingwea anauliza:

Samahani kwa kuingilia. Kiti cha bibi yangu nacho kinapepesa tisa, na nimeona hapo juu kwamba tisa ni breki, lakini breki zinalia "tak" vizuri tu anaposukuma joistiki. Kwenye kisanduku pameandikwa Dynamic Shark.

Fundi Nyaya (Masasi) anajibu:

Ndugu wa Nachingwea, orodha niliyoitoa ni ya VR2 peke yake. Kwenye VR2 unahesabu taa ngapi zinapepesa kwa pamoja. Kwenye Shark unahesabu taa inapepesa mara ngapi kabla ya kutulia, na tisa ya Shark ni mawasiliano kati ya joistiki na kisanduku cha nguvu. Tafuta ile kebo inayotoka kwenye joistiki kupita chini ya mkono wa kiti, uikague pale inapojikunja na pale inapoweza kubanwa na bawaba, kisha chomoa plagi yake, isafishe na uirudishe mpaka mwisho. Bibi aachiwe breki zake.

Mpwa wa Mikindani (Mtwara) anarudi:

Shikamooni wakubwa, na asanteni sana. Tumepima kama mlivyoelekeza. Aliyekaa ni binamu yangu, mkanda umefungwa, na watu wawili wameshika kiti kwa nyuma. Kikiwa kimesimama, mita ilisoma sifuri kwenye waya wa kati. Kilipoanza kupanda ikasoma 2.3, na kadiri mlima ulivyokaza ndivyo ilivyozidi kucheza. Tulipokishusha polepole kwenye kipande kifupi kisicho na mawe, mita ikaonyesha alama ya kutoa na 0.9. Betri zenyewe, zikipimwa moja moja wakati wa kupanda, hazikushuka chini ya 11.9. Baada ya hapo niligusa waya ule na ulikuwa wa moto kiasi cha kuondoa mkono.

Tumechomoa betri na kuuchana waya huo. Kwa nje ganda jekundu lilikuwa safi kabisa, lakini karibu na kichwa cha shaba, ndani, nyuzi zimekuwa nyeusi, zina unga wa kijani, na nyingi zinakatika kwa kucha kama majani makavu. Zilizobaki nzima hazifiki hata robo. Fyuzi na plagi kubwa tumezipima, ziko chini ya 0.1. Swali langu sasa ni kuhusu waya wa kuweka. Fundi wa bajaji jirani amesema atausokota na waya wa kawaida wa nyumba, kisha aufunge tepu.

Fundi Nyaya (Masasi) anajibu:

Hiyo alama ya kutoa ndiyo umeme niliousema, unaorudi betri wakati wa kushuka. Na moto ulioushika una hesabu yake: volti 2.3 kwa ampea 30 ni karibu wati 70, joto la balbu kubwa lililofungiwa ndani ya urefu wa kidole, jirani na betri.

Huyo wa bajaji mshukuruni, ila msimruhusu kusokota. Waya wa nyumba ni mgumu, una nyuzi chache, na kwenye kitu kinachotikisika utakatika upesi, tena mahali palepale. Tafuteni kipande cha waya wa mashine ya kulehemu, ambao una nyuzi nyingi nyembamba na unajikunja bila kulalamika, wa milimita 10 za mraba au unaolingana na ule wa zamani, usiwe mwembamba zaidi. Kwaruzeni nyuzi zake kwa kisu kabla ya kulipa: siku hizi zipo nyaya za aluminiamu iliyopakwa shaba, na zikikwaruzwa zinaonyesha weupe ndani. Vichwa vya shaba vibanwe kwa koleo lake la kubania, si kwa nyundo, na maungio yafunikwe kwa mpira unaosinyaa kwa joto. Vichwa vya betri visuguliwe kwa msasa laini mpaka risasi ing'ae, bolti zikazwe, halafu juu yake pakeni mafuta ya mgando ili chumvi isipate njia. Kama njia hiyo ilikuwa na plagi yake au fyuzi yake, irudishwe kama ilivyokuwa. Msije mkaweka msumari mahali pa fyuzi, kama ninavyoona wengi wakifanya.

Mtumiaji wa Mtanda (Lindi) anajibu:

Niongeze kuhusu betri, kwa kuwa 11.9 wakati wa kupanda si mbaya lakini si ya betri changa pia. Siku zitakapochoka, nunueni mbili kwa pamoja, za aina moja na ukubwa mmoja, kwa sababu mpya ikiunganishwa na nzee, ile nzee inaishiwa mapema na kuharibika. Zile zilizofungwa zinazouzwa kwa ajili ya sola, za kuvumilia kutumika muda mrefu, zinafaa zikitosha kwenye nafasi yake. Za gari siziungi mkono hata kama bei inavutia. Zimeundwa kutoa nguvu nyingi kwa muda mfupi, hazipendi kuishiwa chaji kila siku, na zile za maji zinaweza kumwaga asidi chini ya mtu ambaye pengine hasikii maumivu miguuni. Mjomba achaji kila usiku hata kama amekwenda karibu, na umeme ukikatika usiku, asubuhi asiamini taa za kijani mpaka atembee kidogo kwenye tambarare, maana betri iliyochajiwa nusu huonyesha sura nzuri ikiwa imepumzika.

Fundi Nyaya (Masasi) anajibu:

Hapo nakubaliana naye neno kwa neno. Mkishafunga waya mpya, rudieni kipimo kilekile kwenye mwinuko uleule kabla mjomba hajakaa. Kikisoma chini ya 0.2 apewe kiti chake. Ikitokea taa kumi zikapepesa tena wakati waya huo ni mzima, leteni vipimo vya waya wa hasi unaokwenda kwenye kontrola, kwa kuwa huo bado hamjautaja.