Ulinganisho: kushusha dau, kuachia mfumo upange, au kuhamia Microsoft? Kipi kinaokoa hela kwenye matangazo ya kulipia kwa kliki?

SindanoNaUzi
Wadau, habari zenu. Nauza vipuri vya cherehani mtandaoni: sindano, bobini, mikanda. Natangaza Google. Bajeti ya siku inaisha kabla ya adhuhuri na oda ni za kuhesabu. Nimefikiria njia tatu: (a) nishushe dau la kila neno, yaani kiasi cha juu ninachokubali kulipia kliki, (b) niuachie mfumo wa Google upange dau wenyewe, (c) nihamie matangazo ya Microsoft, wenye Bing, nasikia kule ushindani ni mdogo. Aliyejaribu zaidi ya moja anisaidie kulinganisha.

Mpigahesabu
(a) nimeipitia. Kliki ilishuka kutoka 2 hadi 1.2, nikafurahi wiki nzima. Kumbe tangazo limeshuka nalo, na wanunuzi wanaishia kwa walio juu. Mwanzoni kliki 100 zilinipa oda 4, yaani oda moja kwa 50. Baada ya kushusha, kliki 100 zikanipa oda 1 kwa 120. Kliki ikawa rahisi, oda ikawa ghali. Pima gharama ya oda.

Nuru_k
(b) inafaa ukiwa na oda za kutosha za mfumo kujifunzia. Oda tano kwa mwezi ni chache mno. Kingine, hakiki kwanza kipimo cha oda. Changu kilikuwa kinamhesabu kila aliyefungua ukurasa wa mawasiliano kuwa amenunua, mfumo ukazidi kuniletea watu wa aina hiyo. Ukitaka njia ya kati, uambie mfumo utafute kliki nyingi ndani ya bajeti, kisha uweke kikomo cha bei ya kliki.

bahari7
Mimi niko (c). Kampeni ya Google unaiingiza kule kama ilivyo, ni kazi ya dakika chache. Kliki kwangu ni nafuu na wanaokuja wananunua, ila watafutaji ni wachache, duka haliwezi kuutegemea mtandao huo peke yake. Halafu ukiihamisha kampeni mbovu, utalipia ubovu uleule.

FundiManeno
Ndugu SindanoNaUzi, hujatuambia watu waliandika nini kabla ya kubofya. Hapo ndipo hela inapovujia, na hakuna hata njia moja kati ya hizo tatu inayopaziba. Fungua ripoti ya maneno yaliyotafutwa, uipange kwa gharama, usome mstari kwa mstari. Neno "cherehani" likiachwa lilinganishwe kwa upana, yaani na utafutaji wowote unaohusiana nalo, linaita kila mtu. Yasiyo yako yatie kwenye maneno ya kuzuia, na uandike umoja na wingi: ukizuia "somo", "masomo" litapita.

Ukimaliza hapo, gusa ubora. Kila neno Google inalipatia alama 1 hadi 10, ikitazama uwezekano wa tangazo kubofywa, tangazo linavyoendana na kilichotafutwa, na ukurasa mtu anaofikia. Kwenye mnada wa nafasi za matangazo unalipa kiasi cha kumzidi aliye chini yako tu, kwa hiyo ubora ukipanda bei inaweza kushuka bila wewe kugusa dau. Anayetafuta sindano za ngozi afikie sindano za ngozi, asiachwe ukurasa wa mwanzo ajitafutie.

Nuru_k
Naongezea: ukiweka bajeti ya 10 kwa siku, Google inaweza kutumia hadi 20 siku moja. Kwa mwezi haizidi mara 30.4 ya kiwango chako. Usishtuke ukazima kampeni.

SindanoNaUzi
Nimeifungua ripoti. Kliki 140 za wiki hii, 58 ni za "jinsi ya kutunga uzi kwenye cherehani", "kazi ya kushona" na "picha za cherehani za zamani". Hao wote nimewalipia. Nimeyazuia, dau sijaligusa. Swali moja: "bei ya cherehani" nayo inanila sana, na mimi siuzi cherehani nzima. Nizuie neno "bei"?

FundiManeno
Hapana, usizuie "bei" peke yake. Anayeandika "bei ya mkanda wa cherehani" ni mteja wako kabisa. Zuia maneno matatu kwa pamoja na kwa mpangilio huo, "bei ya cherehani". Wa mkanda atapita.

SindanoNaUzi
Nimeweka sasa hivi. Asante sana, mkuu. Jumatatu naisoma ripoti tena.