Mrejesho: mchoro wa Hopper ulihamaje Corcoran?

Wadau, niliuliza kwa nini vitabu vya zamani vinasema "Ground Swell", picha ya mchoraji Mmarekani Edward Hopper, ni mali ya jumba la sanaa la Corcoran, ilhali leo iko National Gallery of Art, zote za Washington. Nimepata jibu, na vitabu havikukosea. Hopper aliichora mwaka 1939 kule Cape Cod, pwani ya Massachusetts, Marekani. Corcoran wakainunua 1943 kwa fedha za Mfuko wa William A. Clark. Jumba hilo lilipofungwa mwaka 2014, National Gallery ikapokea maelfu ya kazi zake, hii ikiwemo. Ndiyo maana namba yake ya usajili inaanza na 2014, na jina la Corcoran bado linaandikwa pamoja nayo. Hilo limenifurahisha mno: mmiliki wa awali hajafutwa. Aliyeniambia nianze na mstari wa umiliki (maandishi yanayoonyesha kazi ilitoka kwa nani), asante sana.