Ngumi moja na mtu akafa: kijana wa miaka 16 ashtakiwe kwa kosa gani?

Mleta mada, Kisumu

Wenzangu, naleta swali ambalo hutugawa huku kila mara vijana wanapopigana na mmoja akafa. Naweka msimamo wangu mbele ili anayenipinga ajue anapinga nini.

Chukueni mfano huu. Nimeutunga, hauhusu kesi yoyote iliyo kortini. Kijana wa miaka 16 anazozana na mwenzake baada ya mechi ya mtaa. Mikono mitupu. Anarusha ngumi moja, mwenzake anaanguka chali na kisogo kinagonga ukingo wa barabara. Anainuka, anajipangusa vumbi, anatembea mpaka nyumbani akisema kichwa kinauma kidogo. Alfajiri mama yake anamwita, haitiki.

Mchana huo mtaa mzima unataka yule aliyempiga aandikiwe mauaji. Mimi nasema hapana. Ashtakiwe kuua bila kukusudia, na jina hilo alibebe, maana mtu amekufa kwa mkono wake. Lakini adhabu ipimwe kwa alichokifanya na alichoweza kukijua dakika ile. Isipimwe kwa ukubwa wa msiba, kwa sababu msiba ni mkubwa daima na hakuna kifungo kitakachoufikia.

Kanuni ya Adhabu ya Kenya, Sura ya 63, inaniunga mkono. Kifungu cha 203 hakimfanyi mtu kuwa na hatia ya mauaji mpaka awe na dhamira mbaya, na kifungu cha 206 kinaeleza dhamira hiyo: kukusudia kuua au kuumiza vibaya, au kujua kwamba unachofanya huenda kikaleta kifo au jeraha baya. Kuua bila kukusudia, kifungu cha 202, hakudai hayo. Yatosha kwamba kitendo kilikuwa haramu na kikaleta kifo. Adhabu yake katika 205 haina kima cha chini; inaweza kufika kifungo cha maisha, na inaweza kuwa ndogo kabisa. Upana huo umewekwa kwa ajili ya kesi kama hizi.

Kuna jambo moja ambalo watu hulipita haraka. Shtaka la mauaji husikilizwa na Mahakama Kuu. Makosa mengine ya mtoto aliyeshtakiwa peke yake huenda Mahakama ya Watoto. Kwa hiyo neno ambalo mwendesha mashtaka analiandika siku ya kwanza ndilo linaloamua kama huyu atashughulikiwa kama mtoto aliyefanya kosa kubwa au kama mtuhumiwa wa mauaji aliye na umri mdogo. Shtaka likija kupunguzwa baada ya mapatano na upande wa mashtaka, muda aliokaa rumande haurudi.

Kijana, Kaptembwo, Nakuru

Mimi naona hata hilo la bila kukusudia limezidi. Tumepigana tangu shule ya msingi na hakuna aliyekufa. Ngumi hiyohiyo ikimpata mtu aliyesimama kwenye nyasi, kosa ni shambulio: kifungu cha 250, mwaka mmoja, au 251 kama ameumia, miaka mitano. Ikimpata kando ya barabara, unaambiwa maisha. Mkono ni uleule na hasira ni ileile. Kilichobadilika ni ukingo wa barabara, na ukingo ule haukuwekwa na huyo kijana. Mleta mada, wewe mwenyewe umesema apimwe kwa alichofanya. Alichofanya ni kupiga ngumi. Mbona unamwita muuaji?

Nesi, Ahero

Naomba niongeze la hospitali, kwa sababu wengi hapa mnadhani ngumi ya kuua ni lazima iwe kali.

Kwanza kichwa. Mshipa ulio kati ya fuvu na utando wa ubongo ukipasuka, damu hujikusanya polepole. Mtu anaongea vizuri, anaomba chakula, anawaambia msiwe na wasiwasi. Saa chache baadaye anatapika, mboni ya jicho moja inapanuka, anazimia. Mfano wa mleta mada si wa ajabu. Ndivyo inavyokuwa.

La pili ni la huku kwetu hasa. Kandokando ya ziwa, kuanzia Homa Bay na Siaya mpaka Busia, malaria ni ya mwaka mzima. Aliyeugua malaria tena na tena huvimba bandama. Bandama hilo hushuka chini ya mbavu za kushoto, mahali pasipo na mfupa wa kulikinga. Teke ambalo mwingine angelisahau kabla ya jioni linalipasua, na damu inajaa tumboni bila hata tone moja kuonekana nje. Aliyepiga hajui. Aliyepigwa mwenyewe hajui.

Sasa wanasheria watuambie: kijana huyo ameua, au malaria imeua?

Wakili, Kisumu

Dada nesi, sheria inajibu swali lako bila kusita. Kifungu cha 213 kinasema umemsababishia mtu kifo hata kama alikuwa mgonjwa na kitendo chako kimeharakisha tu kifo hicho. Kinaendelea: hata kama jeraha lisingemuua iwapo angekubali kutibiwa ipasavyo. Na 215 kinaweka mpaka wa wakati: kifo kitokee ndani ya mwaka mmoja na siku moja tangu jeraha. Unampokea mtu jinsi alivyo, na bandama lake.

Kijana wa Nakuru ana hoja iliyo na mizizi kuliko anavyodhani. Kifungu cha 9 kinasema mtu hana hatia kwa tukio lililotokea kwa ajali. Kanuni yetu ya 1930 ilifuata kielelezo kilichotokana na ile ya Queensland, Australia, iliyoandikwa na Samuel Griffith na kupitishwa 1899, na maneno hayo ya ajali yalitoka huko. Kule Queensland walikuwepo walioua kwa ngumi moja wakaachiliwa kwa maneno hayohayo, mpaka 2014 bunge lao likaunda kosa jipya la kumpiga mtu na kumsababishia kifo, ambalo utetezi wa ajali hauruhusiwi. Mwaka huohuo New South Wales, jimbo jingine la Australia, ikaweka kima cha chini cha miaka 8 kwa anayeua kwa ngumi akiwa amelewa. Lakini angalieni: kima hicho ni kwa aliyefika miaka 18 tu. Hata bunge lililokuwa na hasira liliwaacha watoto nje.

Huku kwetu utetezi wa ajali ni mgumu kusimama pale ambapo pigo lenyewe lilikuwa haramu. Mimi binafsi naona ni sawa uwe mgumu.

Baba mdogo, Bungoma

Nimesoma yote mpaka hapa. Mtoto wa marehemu kaka yangu alikufa katika ugomvi wa wanafunzi. Sitataja shule wala mtu.

Mnazungumza kama aliyekufa ni sehemu ya ushahidi tu. Kijana wa Nakuru, wewe unasema kilichobadilika ni ukingo wa barabara. Kwetu kilichobadilika ni kwamba kuna kitanda hakina mtu. Ukiniambia hiyo ni shambulio la mwaka mmoja, unaniambia mtoto wetu ni sawa na jino lililong'oka.

Halafu "ngumi moja" yenu hiyo. Mara nyingi si moja. Wetu alipigwa akaanguka, na akiwa chini akaendelea kupigwa mateke. Kila anayesimulia baadaye husema ngumi moja, kwa sababu marafiki ndio mashahidi.

Watu wa aliyempiga walikuja nyumbani na ng'ombe. Wazee wakakaa, tukanywa chai, wakasema tuyamalize kijijini. Yule kijana hawakuja naye. Nilikataa ng'ombe kwa sababu hiyo moja.

Mleta mada, Kisumu

Pole sana, baba. Poleni nyumbani nzima.

Nianze na mateke, maana hapo nakubaliana nawe bila kupunguza. Aliyerusha ngumi moja na aliyempiga mateke ya kichwa mtu aliyelala chini hawako mahali pamoja. Kijana wa miaka 16 anajua kwamba kichwa kikipigwa teke kikiwa chini mtu anaweza kufa au kulemaa. Hapo 206 inaweza kufikiwa, na umri hautamwondolea ujuzi huo. Ndiyo maana nataka upelelezi ufanywe kwanza: daktari wa maiti ahesabu majeraha na aseme yako wapi, mashahidi wasiokuwa wa kundi lake watafutwe, kisha shtaka liandikwe. Leo mara nyingi naona kinyume: mauaji yanaandikwa kwanza, na ushahidi unatafutwa ukilikimbilia shtaka.

Kijana wa Nakuru, nakujibu nawe. Ni kweli ukingo wa barabara hakuuweka yeye. Lakini aliamua kumpiga mtu. Hakuna aliyemsukuma kuuvuka mstari ule, na akishauvuka, sehemu ya yatakayofuata ni yake. Nikimpa shambulio tu, hati ya korti itasomeka kana kwamba hakuna aliyekufa, na baba huyu ataenda nayo nyumbani. Huo utakuwa uongo ulioandikwa kwa muhuri wa serikali. Jina la kosa liseme mtu amekufa. Adhabu iseme ilikuwa ngumi moja ya mtoto. Si lazima vitu hivyo viwili vitoshane.

Na kwa nesi: kwangu mimi mwenye bandama lililovimba ndiye kipimo cha mjadala huu. Anayepiga teke moja la ubavuni bila kujua lolote amesababisha kifo, wakili ametuonyesha. Ila huyo akipewa miaka 20, tunamwadhibu kwa mbu wa miaka kumi iliyopita.

Mwalimu mstaafu, Vihiga

Vijana wangu, nimefundisha sekondari maisha yangu yote ya kazi. Mtoto wa kidato cha pili anajua kuua ni vibaya. Asiyejua hilo sijawahi kumwona. Asichokijua ni umbali. Haoni mbele ya hasira yake, hasa wenzake wakiwa wamesimama wamemzunguka wakipiga kelele. Mpeleke kando peke yake na ugomvi huo unaisha. Mbele ya kundi hawezi kurudi nyuma.

Sheria nayo imesogea. Zamani mtoto wa miaka 8 aliweza kushtakiwa. Sheria ya Watoto ya 2022 imepandisha mpaka 12, na aliye chini ya 14 anachukuliwa kuwa hajui kutofautisha jema na baya mpaka korti iridhishwe kwa ushahidi kwamba anajua. Huyu wa 16 yuko nje ya kinga hiyo, atajibu. Ila mtoto hapelekwi gerezani wala hanyongwi, na Kifungu cha 53 cha Katiba kinasema azuiliwe pale tu njia nyingine zimeshindikana, kwa muda mfupi unaofaa, na asichanganywe na watu wazima.

Kwa hiyo tusitishane na maisha na kitanzi. Tuulize yanayowezekana: probesheni, yaani kifungo cha nje chini ya uangalizi, au taasisi ya kurekebisha vijana kama Shikusa hapa Kakamega, ambayo huchukua wavulana wa kuanzia miaka 15 walio chini ya 18.

Baba mdogo, Bungoma

Mwalimu, shikamoo. Shikusa ni miaka mingapi?

Mwalimu mstaafu, Vihiga

Marahaba. Mitatu, haizidi.

Baba mdogo, Bungoma

Mitatu.

Wakili, Kisumu

Baba, hapo ndipo sheria yetu ina pengo la kweli, na sitalipaka rangi. Kati ya miaka mitatu ya taasisi na kifungo kirefu cha watu wazima hakuna kitu cha maana katikati. Kesi ikichelewa mpaka kijana apite 18, korti hujikuta na mtu mzima aliyekosa akiwa mtoto, na majaji hawajawa na jibu moja.

Kuhusu ng'ombe: Katiba inatambua upatanisho wa kienyeji, na mwaka 2013 Mahakama Kuu Nairobi ilikubali shtaka la mauaji liondolewe baada ya familia kupatana kwa desturi. Wengi wetu mawakili hatukuifurahia. Lakini kuna njia nyingine ambayo familia nyingi haziambiwi. Sheria ya Ulinzi wa Waathiriwa ya 2014 inawapa haki ya kusikilizwa kabla ya hukumu. Mngeweza kusimama mkaeleza mtoto alikuwa nani na mnataka nini. Mngeweza kuomba kijana mwenyewe aseme mbele yenu alichofanya.

Nesi, Ahero

Mimi ningeomba jambo moja lizingatiwe kuliko umri. Alifanya nini baada ya pigo? Kuna anayembeba mwenzake kwenye bodaboda mpaka kwetu, anakaa kwenye benchi na kutuambia ukweli, "nilimpiga hapa." Maneno hayo mawili yanaweza kuokoa maisha, kwa sababu tunajua pa kutazama. Kuna anayemficha chumbani na kuwaambia wote waseme alianguka kwenye ngazi. Huyo wa pili alipewa saa kadhaa za kutulia na kufikiri, na akachagua. Kwake sioni hasira tena.

Mleta mada, Kisumu

Hilo la nesi nalichukua na kuliweka kwenye pendekezo langu. Mwendesha mashtaka awe na mwongozo ulioandikwa: aliye chini ya 18, mikono mitupu, pigo moja au mawili, basi ni kuua bila kukusudia na kesi ianze Mahakama ya Watoto, isipokuwa majeraha au mashahidi yaonyeshe dhamira ya 206. Kumpeleka hospitali na kusema kweli kupunguze adhabu waziwazi. Kuficha kuongeze.

Kuhusu miaka mitatu, baba, hapo hatutakubaliana. Mimi naona kwa ngumi moja inaweza kutosha, hata probesheni inaweza kutosha. Kwa mateke uliyoyaeleza haitoshi, na pengo alilolitaja wakili linafaa kuzibwa na bunge.

Kijana, Kaptembwo, Nakuru

Sawa, nimesikia. Na akiwa ameshika chupa?

Wakili, Kisumu

Chupa inamtoa kwenye mwongozo huo. Mtu akiokota chupa ameshafikiria kuumiza vibaya, na hilo linatosha kwa 206 hata kama hakuwaza kifo. Labda uniambie aliishika kwa sababu alikuwa anakunywa soda ugomvi ulipoanza. Hapo nitakuuliza mashahidi wako ni akina nani.

Baba mdogo, Bungoma

Muulize kama aliiweka chini kwanza. Wetu alikuwa na nafasi ya kuacha.