Santuri zinaburuta, na bado siachi kuzisikiliza

MamaShangani
Wakuu habari za jioni. Niko Shangani, Mtwara mjini. Marehemu baba mkubwa alituachia kasha la santuri, nyingi ni zile ndogo za inchi 7: Morogoro Jazz, Cuban Marimba, Jamhuri Jazz ya Tanga. Mashine yake ilishakufa siku nyingi. Mdogo wangu kaniletea ya mtumba kutoka Dar, ya Kijapani, volti 100, nikanunua transfoma. Inazunguka, ila waimbaji wanaburuta kama wametoka kuamshwa.

Mume wangu ananicheka, maana nyingi ya nyimbo hizi ziko kwenye simu. Sasa ya simu inaimba mimi naosha vyombo, ikiisha hata sijui ilikuwa ipi. Santuri nakaa chini. Zile ndogo wimbo umekatwa vipande viwili, sehemu ya kwanza huku, ya pili kule. Gitaa ndiyo kwanza linachanganya, sahani imeisha! Unanyanyuka ugeuze. Wanangu wanagombania zamu ya kugeuza, na hao muziki wa dansi walikuwa hawautaki kabisa.

Mwendo huu narekebishaje? Na wenzangu mnaosikiliza, nyie mnanogewa na nini?

FundiWaLindi
Dada, transfoma imeshusha volti tu, Hz, yaani mapigo ya umeme kwa sekunde, haiyagusi. Soma kibandiko cha nyuma. Umeme wetu ni Hz 50. Kama mashine ni ya 60 na mota yake ni ya AC, ile inayofuata mapigo ya umeme wa ukutani, sahani ya 45, yaani ya mizunguko 45 kwa dakika, inazunguka 37 na nusu. Japani kwenyewe mashariki wanatumia 50 na magharibi 60, volti zilezile 100, ndiyo maana mtumba wa huko ni bahati nasibu. Dawa ni kubadilisha puli, kile kigurudumu cha kwenye mota kinachovuta mkanda. Kipenyo kizidi cha sasa kwa sehemu moja ya tano. Fundi wa kukereza vyuma anakutengenezea.

Ila kama sauti inapanda na kushuka, hapo shuku mkanda kulegea kwanza.

Chikongola_Halisi
Mimi mtanisamehe. Kwaruza kwaruza mwanzo mwisho, halafu mtu anakwambia ndiyo sauti bora. CD ni safi kuliko hizo. Semeni tu mnapenda mambo ya kale, hakuna atakayewapiga.

BabuNewala
Usafi hajautaja mtu, mjukuu wangu. Mimi ninazo za 78, zile nzito zinazovunjika zikianguka. Siti binti Saad, yule mwimbaji wa taarab wa Zanzibar, alivuka bahari mpaka Bombay mwaka 1928 kurekodiwa kwenye sahani za namna hiyo. Ukiiweka, unajua aliimba mara moja mbele ya kipaza sauti, na kilichokosewa kimebaki humohumo. Mimi napenda kuvisikia hivyo.

Mama, unyevu wa pwani ni adui. Zisimamishe wima, usizilundike, na jua la dirishani lisizifikie, zitapinda. Za plastiki zisafishe kwa maji yaliyochujwa na tone la sabuni ya vyombo, kitambaa laini, ufuate mzunguko wa mifereji, lebo isilowe. Ukipata za 78 usiziguse na spiriti, inazila. Na zina sindano yake, nene; ya 45 haizifai.

MamaShangani
Shikamoo babu, ahsante sana. Nilikuwa nimezilaza zote chini ya kitanda, na makava yameanza kuota kuvu, leo leo nazisimamisha.

Fundi, kibandiko kinasema 60 tupu. Puli nimeivuta haitoki. Nipige kidogo kwa chini?

FundiWaLindi
Usipige! Utapinda ekseli ya mota. Ubavuni mwa puli kuna skrubu ndogo sana, tumia bisibisi ya saa uilegeze, itatoka kwa vidole. Ukienda kwa mkerezaji, chukua puli yenyewe, usimpelekee vipimo vya rula.

BabuNewala
Marahaba mama. Makava yaanike kivulini, siyo juani.